Nyongeza Inayouzwa Siku ya Kwanza ni Kipimo Pungufu

Katika soko la Mpanda, neno nyongeza lina maana moja inayoeleweka na kila mtu. Mama muuza maharage akishajaza kopo na kulimimina katika mfuko wa mteja, huchota kiganja kimoja na kukitupia juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Hailipiwi. Ni shukrani ya muuzaji, na ni njia ya kumfanya mteja arudi kesho. Muuzaji ambaye angejaza kopo robo tatu, kisha akamwambia mteja kwamba robo iliyobaki ni nyongeza na ina bei yake, asingefika saa sita mchana akiwa na mteja hata mmoja.

Biashara ya michezo ya video duniani imelipindua neno hilo. Siku ile ile mchezo mpya unapoingia sokoni kwa bei kamili, mnunuzi hukuta pembeni yake orodha ya vitu vingine vya kununua: mhusika wa ziada, silaha, kipande cha hadithi, sare za wachezaji, au haki ya kuanza kucheza wiki moja kabla ya wengine. Vitu hivyo vyote huitwa nyongeza. Wachezaji wa nchi mbalimbali wamelalamika kwa miaka mingi kwamba hiyo si nyongeza bali ni sehemu ya bidhaa iliyokatwa na kuuzwa peke yake. Malalamiko hayo yana msingi, na yanawahusu wafanyabiashara wadogo wa Katavi kuliko wengi wanavyodhani.

Linaihusu nini Mpanda?

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na unajulikana zaidi kwa mahindi, mpunga, tumbaku na asali. Hata hivyo idadi ya watu wake imekua kwa kasi kubwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604; ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Mji unaokua hivyo unakuwa na vijana wengi wanaotafuta burudani ya bei nafuu jioni, na ndiyo maana, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, chumba cha gemu ni miongoni mwa biashara ambazo kijana mwenye mtaji mdogo huzifikiria mapema, sambamba na kinyozi, banda la chipsi na uwakala wa fedha za simu.

Mtaji wenyewe hauna siri. Panahitajika chumba cha kupanga, televisheni moja au mbili, mashine ya pleistesheni, pedi nne, benchi na umeme. Mashine nyingi hufika zikiwa zimetumika, zikipitia Kariakoo. Barabara ya lami ya Tabora, Koga hadi Mpanda, iliyozinduliwa rasmi Mei 2022, imepunguza adha ya kusafirisha vitu vinavyovunjika upesi, ambavyo zamani vilitegemea zaidi treni ya Kaliua au barabara ya vumbi. Mteja hulipia mchezo mmoja au nusu saa, na mara nyingi mchezo wenyewe ni wa kandanda.

Katika biashara ya namna hiyo, diski ya gemu ni sawa na gunia la unga kwa muuza maandazi. Ni malighafi. Mwenye chumba akijua bei yake, anaweza kupiga hesabu ya michezo mingapi ichezwe kabla mtaji haujarudi. Asipoijua bei yake kamili, hesabu zote za chini yake zinaharibika. Hapo ndipo nyongeza za kulipia zinapomgusa, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kuificha bei kamili.

Jinsi mambo yalivyobadilika

Nyongeza za michezo ya video si jambo jipya, na mwanzoni hazikuwa na ubaya. Katika miaka ya 1990 kampuni ilikuwa ikitoa mchezo kamili, inasubiri miezi kadhaa, kisha inatoa diski ya pili yenye ramani mpya na hadithi mpya. Mchezo wa StarCraft ulitoka mwaka 1998, na diski yake ya nyongeza, Brood War, ikafuata mwishoni mwa mwaka huo huo. Aliyeridhika na mchezo wa kwanza aliununua wa pili; asiyeridhika aliacha, na hakupungukiwa na chochote alichokuwa amelipia.

Intaneti ilipoingia ndani ya mashine zenyewe, muuzaji hakuhitaji tena diski wala duka. Aprili 2006 kampuni ya Bethesda iliuza vazi la chuma la farasi katika mchezo wake wa Oblivion kwa dola 2.50 za Marekani. Wachezaji walicheka na kukasirika kwa pamoja, maana vazi hilo lilikuwa zaidi pambo na mchezo ulikuwa umetoka mwezi mmoja tu uliotangulia. Lakini lilinunuliwa, na kampuni nyingine ziliona.

Mwaka 2010 kampuni ya Electronic Arts, maarufu kama EA, ilianza kuweka ndani ya baadhi ya michezo yake namba ya siri inayotumika mara moja tu. Aliyenunua diski mpya alicheza na wenzake kupitia intaneti bila malipo zaidi. Aliyenunua diski iliyotumika alitakiwa kulipia namba nyingine. Lengo lilikuwa wazi, nalo ni kuvuna fedha kutoka soko la mitumba. Mpango huo uliachwa Mei 2013 baada ya wateja kuuchukia.

Machi 2012 ndipo ugomvi ulipopamba moto. Mchezo wa Mass Effect 3 ulitoka tarehe 6 mwezi huo, na siku hiyo hiyo kikauzwa kwa dola 10 kipande cha nyongeza chenye mhusika muhimu katika hadithi yenyewe. Wachezaji walipochunguza diski waliyokwisha kuilipia walikuta sehemu ya vifaa vya mhusika huyo tayari imo ndani. Mwezi huo huo kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Street Fighter X Tekken, na ikabainika kwamba wapiganaji 12 walikuwa kamili ndani ya diski, ila wamefungiwa wakisubiri kuuzwa baadaye. Mnunuzi alikuwa ameshika mkononi bidhaa ambayo hakuruhusiwa kuifungua. Ni sawa na kununua nyumba kisha kuambiwa chumba kimoja kina kufuli, na funguo zinauzwa kwa mjomba wa mwenye nyumba.

Hoja za wauzaji

Haki itendeke: kampuni zina hoja, na mfanyabiashara yeyote atazielewa. Kwanza, bei ya mchezo mkubwa nchini Marekani ilikaa karibu na dola 60 tangu takriban mwaka 2005 hadi mwaka 2020, ilipoanza kupanda kuelekea dola 70. Katika miaka hiyo 15 gharama za utengenezaji zilipanda sana, timu zikawa na mamia ya watu, na thamani ya dola yenyewe ikashuka. Ni wachache wanaouza bidhaa kwa bei ya miaka 15 iliyopita.

Pili, mchezo ukishakamilika hupelekwa kwa mwenye mashine ili ukaguliwe, kisha unasubiri kuchapishwa na kusafirishwa. Wachoraji na watunzi hawawezi kukaa wiki kadhaa bila kazi huku wanalipwa mshahara. Kampuni husema muda huo ndio unaotumika kutengeneza nyongeza, na ndiyo maana huwa tayari siku ya kwanza. Tatu, hakuna anayelazimishwa kununua.

Hoja ya kwanza ni ya kweli, lakini inajibiwa kwa kupandisha bei waziwazi. Gharama za mkulima wa Mlele zikipanda, hupandisha bei ya gunia. Hapunguzi kilo ndani ya gunia lile lile akanyamaza. Hoja ya pili nayo ina ukweli, ila haiwezi kutetea kitu ambacho tayari kimo ndani ya diski. Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote. Mnunuzi hajui siku ya kwanza kama kilichokatwa ni pambo au ni moyo wa mchezo. Anayejua ni muuzaji peke yake. Soko huria linahitaji pande mbili zenye taarifa, na hapa upande mmoja umefumbwa macho.

Soko liliposema hapana

Mfano mkubwa kuliko yote ulikuwa Novemba 2017. EA ilikuwa inajiandaa kutoa Star Wars Battlefront II. Wachezaji waliopata nafasi ya kuujaribu mapema waligundua kwamba wahusika mashuhuri kama Darth Vader walikuwa wamefungiwa, na kuwafungua kulihitaji pointi 60,000 za ndani ya mchezo. Hesabu za wachezaji zilionyesha kwamba hiyo ni kazi ya takriban saa 40 kwa mhusika mmoja. Pembeni palikuwa na makasha ya kubahatisha yanayouzwa kwa fedha halisi, na yaliyomo yaliweza kumpa mlipaji nguvu dhidi ya asiyelipa.

Hasira zilikuwa kubwa kiasi kwamba kampuni ilipunguza pointi hizo kwa asilimia 75, na usiku wa kuamkia siku ya kutolewa, tarehe 17 Novemba, ikazima mauzo yote ya ndani ya mchezo. Kufikia mwisho wa mwezi huo thamani ya hisa za kampuni sokoni ilikuwa imeshuka kwa takriban dola bilioni 3. Kwa mwekezaji mdogo, tukio hilo lilionyesha kwamba uvumilivu wa wateja ni sehemu ya mtaji, ingawa hauandikwi katika mizania.

Lakini habari hiyo ina upande wa pili ambao wapenzi wa michezo hawapendi kuusikia. Hisa za EA zilipanda tena mwaka uliofuata. Katika mwaka wake wa fedha wa 2021 kampuni hiyo ilipata dola bilioni 1.62 kutoka sehemu ya michezo yake iitwayo Ultimate Team peke yake, ambako mchezaji hununua pakiti asizojua zina mchezaji gani ndani. Hiyo ilikuwa karibu asilimia 29 ya mapato yake yote. Septemba 2025 yalitangazwa makubaliano ya kuinunua kampuni nzima kwa dola bilioni 55. Ni dhahiri kwamba waliolalamika walikuwa wengi, na walionunua walikuwa wengi vile vile. Mara nyingi walikuwa ni watu wale wale.

Aidha, si kila hasira ina uzito sawa. Machi 2024 Capcom ilitoa Dragon's Dogma 2 ikiwa na orodha ya vitu vidogo vya kulipia siku ya kwanza. Wengi waliupa mchezo huo alama mbaya, ingawa vitu vingi katika orodha hiyo vingeweza kupatikana kwa kucheza tu. Kampuni ingeweza kusema haikumdhulumu mtu. Lakini mteja aliyetoka kutoa dola 70 na kukuta mkono mwingine umenyooshwa hapimi kama kinachoombwa ni kikubwa au kidogo. Anachokiona ni mkono.

Kuna walioonyesha njia tofauti na wakafaulu. Kampuni ya CD Projekt ya Poland ilitoa The Witcher 3 mwezi Mei 2015, na katika majuma yaliyofuata ikatoa nyongeza ndogo 16 bila malipo kwa kila mnunuzi. Nyongeza kubwa mbili za kulipia zilikuja baadaye, moja Oktoba 2015 na nyingine Mei 2016, zikiwa na hadithi mpya kabisa. Kufikia mwaka 2023 kampuni ilitangaza kwamba mchezo huo ulikuwa umeuzwa nakala zaidi ya milioni 50. Kampuni hiyo ilifanya kile kile afanyacho mama muuza maharage: ilijaza kopo kwanza, ikaongeza kiganja, kisha ndipo ikaleta mzigo mwingine wa kuuza.

Hesabu ya chumba cha gemu

Sasa ichukuliwe hesabu ya mwenye chumba cha gemu mjini Mpanda. Mchezo wa kandanda wa EA Sports FC 25 ulitolewa tarehe 27 Septemba 2024. Toleo la kawaida lilikuwa na bei ya dola 69.99 nchini Marekani. Toleo la juu lilikuwa dola 99.99, na miongoni mwa vilivyouzwa humo ni haki ya kuanza kucheza tarehe 20, yaani siku saba kabla ya wengine, pamoja na pointi za kununulia pakiti za Ultimate Team.

Kwa kurahisisha, dola moja ihesabiwe kuwa shilingi 2,500, na usafiri na faida ya muuzaji wa kati viachwe kando. Toleo la kawaida ni takriban shilingi 175,000. La juu ni takriban shilingi 250,000. Tofauti ni shilingi 75,000. Kama mteja hulipa shilingi 500 kwa mchezo mmoja, na nusu ya fedha hiyo inakwenda kwenye kodi ya chumba, umeme na uchakavu wa pedi, basi mwenye chumba anabakiwa na shilingi 250. Toleo la kawaida litarudisha fedha yake baada ya michezo 700. Toleo la juu litahitaji michezo 1,000. Ile michezo 300 ya ziada haimpi mteja wa Mpanda kitu chochote, kwa sababu katika chumba cha gemu watu wawili hukaa benchi moja, kila mmoja huchagua timu yake, na mpira unaanza. Hakuna anayejenga timu ya pakiti kwenye mashine ya mwenzake.

Kuna tofauti nyingine ambayo mwekezaji hapaswi kuipuuza. Diski ni mali. Ikishachoka kuchezwa inaweza kuuzwa, kubadilishwa, au hata kuwekwa rehani kwa rafiki. Nyongeza inayonunuliwa kupitia intaneti imefungwa kwenye akaunti ya mnunuzi. Haiuziki wala harithishwi nayo mtu. Wachezaji walionunuliwa kwa pakiti katika mchezo wa kandanda wa mwaka mmoja hawahamishiwi katika toleo la mwaka unaofuata. Kwa lugha ya vitabu vya hesabu, diski huandikwa katika upande wa rasilimali, lakini nyongeza huandikwa katika matumizi siku ile ile ya kuinunua. Anayeziandika zote mbili kama mtaji anajidanganya.

Kisha kuna gharama ambayo haimo katika tangazo lolote. Michezo mingi ya siku hizi, hata ile ya diski, huomba kupakua masasisho siku ya kwanza, na ukubwa wake huhesabiwa kwa gigabaiti. Kwa mwenye nyaya za intaneti huko Ulaya hilo si kitu. Kwa mwenye chumba cha gemu huko Makanyagio au Kawajense anayetegemea bando la simu, hiyo ni nyongeza ya kulipia ya aina yake, na haikwepeki kirahisi.

Duka lisiloitambua Tanzania

Tatizo linaongezeka kwa kuwa duka la intaneti la pleistesheni halina tawi rasmi la Tanzania. Anayetaka kununua humo hufungua akaunti kwa jina la nchi nyingine, na hutafuta kadi ya malipo ya nchi hiyo kwa watu wa kati, ambao nao huweka faida yao. Akikosea nchi, kadi haifanyi kazi. Akidhulumiwa, hana pa kwenda, maana kwa mujibu wa karatasi za duka hilo yeye si mkazi wa Mpanda.

Hatari ya kukaa nje ya orodha ilionekana Mei 2024. Sony ilitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta watalazimika kuwa na akaunti ya pleistesheni, na mchezo ukaondolewa katika mauzo kwenye nchi zaidi ya 170 ambazo hazina huduma hiyo. Wachezaji walipandwa na hasira, na ndani ya siku chache kampuni ikaliondoa sharti hilo. Tukio lilionyesha kwamba kile kinachonunuliwa si kitu bali ni ruhusa, na mwenye kutoa ruhusa anaweza kubadili masharti baada ya fedha kupokelewa.

Sheria inasemaje?

Nchi zimeanza kuchukua hatua, ingawa hazikubaliani. Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba pakiti za kubahatisha katika baadhi ya michezo, ukiwamo FIFA 18, zinavunja sheria za kamari. Mwanzoni mwa mwaka 2019 EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Nchini Uholanzi mambo yalikwenda kinyume. Huko EA ilitozwa faini ya euro milioni 10, lakini Machi 2022 baraza la juu la rufaa likaifuta, likisema pakiti hizo si mchezo wa kamari unaojitegemea.

Tanzania inayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha au kuwalaghai walaji katika biashara, na inayo Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Aidha, tangu Julai 2022 wauzaji wa nje wa huduma za kidijitali wanatakiwa kujisajili na kulipa kodi ya ongezeko la thamani kwa wanachowauzia walaji wa Tanzania. Maana yake ni kwamba serikali imekwisha kukubali kuwa mauzo hayo ni biashara inayofanyika hapa nchini. Likishakubalika hilo kwa upande wa kodi, ni haki pia likubalike kwa upande wa kumlinda mlaji. Si sawa mlipaji aonekane wakati wa kodi na kutoonekana wakati wa malalamiko.

Wauzaji wa rejareja wa Mpanda nao wana sababu ya kuwa waangalifu. Kampuni iliyotengeneza mchezo iko California au Osaka. Mteja mwenye hasira hawezi kuifikia. Anayemfikia ni mwenye duka aliyemuuzia diski na kumwambia ni gemu kamili. Neno kamili likitoka mdomoni mwa muuzaji linakuwa ahadi yake yeye, si ya mtengenezaji.

Lumbesa ya upande wa pili

Wakulima wa Katavi wanaijua lumbesa. Ni gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu, ili mnunuzi apate kilo nyingi kwa bei ya gunia moja. Serikali na Wakala wa Vipimo wameipiga vita kwa miaka mingi, wakisisitiza mazao yauzwe kwa mizani na gunia lisizidi kilo 100. Ubaya wa lumbesa hautokani na mnunuzi kutaka faida, kwa kuwa kila mnunuzi anaitaka. Ubaya wake ni kwamba bei inatajwa kwa gunia, huku gunia lenyewe halina kipimo kinachojulikana.

Nyongeza ya kulipia siku ya kwanza ni lumbesa ya upande wa pili. Katika lumbesa mnunuzi huongeza kipimo na kuacha bei ile ile. Katika gemu muuzaji hupunguza kipimo na kuacha bei ile ile. Kwa hiyo dawa yake nayo inafanana, yaani mizani. Kabla fedha haijatoka, mnunuzi aelezwe kwa maneno machache kilichomo ndani ya bei, kilichoachwa nje, bei ya kila kilichoachwa, na ukubwa wa masasisho ya kupakua. Kampuni zinaweza kuendelea kuuza nyongeza zote zinazotaka. Ila ziuze zikiwa juu ya mizani.

Mpaka siku hiyo ifike, mfanyabiashara mdogo ana silaha moja, nayo ni subira. Mchezo wa kandanda hununuliwa kwa bei ya juu kabisa katika wiki yake ya kwanza, na mara nyingi bei yake hushuka baada ya miezi michache. Mteja wa chumba cha gemu anataka timu anayoipenda, pedi isiyokwama na umeme usiokatika. Ni wachache watakaohama chumba kwa sababu jirani amepata toleo jipya siku saba mapema. Anayenunua toleo la kawaida, akasubiri bei ishuke na kuacha pakiti za bahati nasibu kwa wenye fedha za kuchezea, hatapungukiwa na wateja.

Wanunuzi wanaolalamika mwezi Machi na kununua mwezi Septemba wamekuwa wakizifundisha kampuni kwamba malalamiko yao hayana gharama. Zile dola bilioni 1.62 hazikutoka kwa watu walioridhika peke yao. Kadiri hali hiyo itakavyoendelea, kopo litazidi kujazwa robo tatu, na robo iliyobaki itazidi kuitwa nyongeza.